Mwalimu wa Sayansi Kimu na Uji Uliolegea

Paukwa! Pakawa!

Leo sungura na fisi wapumzike, wajukuu zangu. Ninaye mtu wa kuwasimulia: mwanamke wa umri wa bibi zenu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, kanga imekazwa kiunoni, na mdomo hauchoki kuuliza "Kwa nini?" Alifundisha sayansi kimu karibu miaka arobaini, akastaafu, na sasa anaishi Muheza, mkoani Tanga. Msifunge safari kwenda kumtafuta. Nimemuunda kwa walimu wengi wa somo lile: huyu nimemchukua mikono, yule ulimi, wa tatu ukali wake. Yeye ni wa hadithi. Ila vyakula, sumu, miaka na sababu nitakazozitaja ni za kweli, na nyingine mnaweza kuzijaribu jikoni kwenu mtu mzima akiwepo.

Muheza mnaijua? Ukitoka Segera kuelekea Tanga mjini, basi likipunguza mwendo tu, wachuuzi wanakimbilia madirishani na machungwa. Hapo ndipo. Reli ilifika mwaka 1896, enzi za Wajerumani, na hiyo ndiyo iliyokuwa reli ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Nyuma ya mji kuna milima ya Usambara Mashariki, na kutoka huko Amani zinashuka iliki, mdalasini na pilipili manga. Wasafiri wengi huijua Muheza kwa dakika tano za kununua machungwa, wakaendelea na safari. Mwalimu wetu yeye alishuka mwaka 1978 akiwa na sanduku la bati na barua ya kupangiwa kituo cha kazi, na hajaondoka.

Tuanzie barazani kwake, Jumamosi moja asubuhi. Mama kijana amekuja na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto ana miezi mingapi?"

"Minane. Lakini hakui, Mwalimu. Mwenzake wa jirani anatambaa, huyu nikimketisha anainama."

"Kliniki umempeleka?"

"Nimempeleka jana. Uzito haujapanda. Nesi kasema nimwongeze chakula."

"Unampa nini?"

"Uji wa mahindi."

"Mwepesi au mzito?"

"Mwepesi. Mzito hamezi, anautema."

Mwalimu hakumgombeza. Angemgombeza angekuwa amekosea, maana yule mama alikuwa amekwama kwenye fumbo la kweli. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, linajaa upesi. Ukimpa uji mwepesi, tumbo linajaa maji, unga ni kidogo. Ukiongeza unga ili apate nguvu, uji unakuwa kama ugali na hawezi kuumeza. Sasa utafanyaje?

Mwalimu aliingia ndani akatoka na kopo. Akabandika sufuria, akakoroga uji mzito hasa, mwiko ukasimama wenyewe. Akaepua, akaacha upoe kidogo, kisha akachota kijiko cha unga wa rangi ya udongo kutoka kwenye lile kopo na kuukoroga humo. Mama kijana alikuwa akiangalia sufuria. Dakika chache tu, na uji ule uliosimamisha mwiko ukaanza kulegea, ukalegea, ukawa unamiminika. Hakuna tone la maji lililoongezwa.

"Mwalimu, umeweka dawa gani?"

"Kimea cha ulezi. Sasa niambie, kwa nini umelegea?"

Hapo ndipo palipokuwa na sayansi kimu yote. Mama kijana hakujua, na nyinyi pia huenda hamjui, basi sikilizeni. Unga wa nafaka una chembe za wanga. Ukizipika, zinanyonya maji na kuvimba, zinasongamana, uji unakuwa mzito. Lakini punje ya ulezi ikilowekwa usiku mmoja, ikafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu, inaanza kuota. Ndani yake kuna mche mchanga unaotaka kula, na wanga ni mgumu kwake. Basi punje inatengeneza kimeng'enya, kitu kinachokatakata wanga kuwa vipande vidogo na sukari. Mwalimu huikausha punje hiyo juani, huisugua kuondoa vimizizi, akaisaga. Kile kimeng'enya kinabaki kwenye unga. Ukikitia katika uji mzito, kinafanya kazi ileile iliyokusudiwa kwa mche: kinakata wanga. Uji unalegea, na chakula chote kimo humohumo.

"Lakini usitie kimea uji ukiwa unachemka," alisema. "Utakiua. Tia ukiwa wa moto, si wa kuchemka. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke kidogo, ndipo umpe. Na ukiweza, weka karanga zilizosagwa au mafuta kijiko kimoja. Wiki ijayo umrudishe kliniki apimwe, mimi si daktari."

Mama akaondoka na kimea kwenye karatasi. Hakulipa kitu, ila baadaye alileta embe mbili, na Mwalimu alizipokea, maana kukataa embe ni kumwambia mtu kwamba msaada wako ni sadaka.

Wataalamu wa lishe hapa Tanzania walikihimiza sana kimea katika miaka ya 1980. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1973, na ilikuwa na kazi kubwa mbele yake. Lakini bibi zetu walikuwa wakiotesha ulezi na mtama tangu zamani, wakipika togwa na pombe. Wataalamu waliongeza sababu na kipimo. Mwalimu alipenda sana kulisema hilo darasani, hasa wanafunzi wakimcheka bibi wa mtu.

Basi tumfahamu alikotokea. Alizaliwa kijijini chini ya Amani, katika familia ya Kibondei iliyokula bada, yaani ugali wa muhogo, karibu kila siku. Alikuwa darasa la tatu mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, na Mwalimu Nyerere akaandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Kwa mtoto wa darasa la tatu maana yake ilikuwa jembe: shule ilipata shamba, na kila mwanafunzi akapata tuta lake. Alipofika sekondari, shule zilikuwa zimegawanywa kwa michepuo: kuna za kilimo, za biashara, za ufundi, na za sayansi kimu. Wavulana walijaa kwenye ufundi. Wasichana wakasukumwa kwenye sayansi kimu, na hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Yeye hakutaka. Alitaka fizikia. Alinuna muhula mzima, mpaka siku mwalimu wake alipowapa viazi viwili na visu, akawaambia wavipike kwa njia mbili, kimoja na ganda na kimoja bila ganda, kisha waangalie maji yaliyobaki na kuyaeleza. Yeye akaona maji ya kile kilichomenywa yamefifia na kuwa na ukungu, akaandika ukurasa mzima kuhusu kinachotoka kwenye kiazi kuingia majini na jinsi kinavyomwagwa. Fizikia, kemia na baiolojia zilikuwa zimekaa kwenye sufuria moja. Tangu siku hiyo hakununa tena.

Akasomea ualimu, akapangiwa Muheza. Kumbukeni wakati huo. Musoma, mwaka 1974, iliamuliwa kwamba kila mtoto aingie shule, na kufikia mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza. Watoto wakafurika. Walimu hawakutosha, madawati hayakutosha. Chumba cha sayansi kimu kilikuwa na majiko mawili ya mkaa, sufuria za kuhesabu, na cherehani moja ya miguu ambayo mkanda wake ulikatika kila mara. Oveni? Oveni alitengeneza mwenyewe: sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ndogo yenye unga wa keki juu ya mchanga, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Msichana mmoja akaweka makaa yote chini, keki ikaungua tako na juu ikabaki uji. "Kwa nini?" akauliza Mwalimu. Darasa zima likajibu juu ya joto na jinsi linavyosafiri, na hakuna aliyegundua kwamba hapo wanasoma fizikia.

Kisha zikaja dhiki. Mwishoni mwa 1978 tulikuwa vitani na Idi Amin, na baada ya vita fedha za kigeni zikaadimika. Wazazi wenu wanaweza kuwasimulia foleni za miaka ya 1980: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kanga kwa foleni. Ukaja unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, watu wakauita "Yanga" kwa rangi ya timu ya soka yenye jina hilo, na wengi walisononeka kuula. Mwalimu aliwaambia wanafunzi jambo lililowashangaza: ule unga wa njano walioudharau una kitu ambacho sembe nyeupe haina. Rangi yake ya njano inatokana na chembe ambazo baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho. Hawakuacha kunung'unika. Ila walikula wakijua wanachokula, na mimi naona hilo si dogo.

Sabuni ndiyo iliyompatia jina mjini. Madukani hakuna, nguo za shule ni chafu, watoto wana upele. Nazi ziko, mafuta ya nazi yapo. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na magadi makali: viwili hivyo vikipatana vinageuka kuwa kitu cha tatu, ambacho si mafuta wala si magadi, na ambacho upande wake mmoja hushika mafuta ya uchafu na upande wa pili hushika maji. Ndiyo sababu maji matupu hayatoi mafuta kwenye shati, na sabuni inatoa. Walipokosa kostiki, yaani magadi makali ya dukani, alitumia majivu ya maganda ya ndizi na ya mimea mingine, akayachuja kwa maji. Sabuni ikatoka laini, ya kuchota kwa kidole. Alipopata kostiki kwa mtu wa Tanga, ikatoka ngumu, ya kukata kwa waya. Kwa nini moja laini na nyingine ngumu? Kwa sababu majivu yana potasiamu, na kostiki ina sodiamu.

Hii msijaribu peke yenu. Kostiki inachoma ngozi na inaweza kupofusha jicho. Mwalimu alikuwa na amri moja ambayo haikuwa na kwa nini mpaka uitii kwanza: kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Ukishaitii, ndipo anakueleza kwamba maji kidogo juu ya kostiki nyingi huchemka ghafla na kukurukia usoni.

Somo zito kuliko yote lilikuwa la muhogo. Kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, na ule mchungu una kemikali ambayo muhogo ukikatwa au kusagwa hutoa sianidi, sumu kali. Wazee walijua dawa yake: kuloweka, kuvundika, kuanika, na kusubiri. Hatari inakuja wakati wa njaa, watu wanapofupisha siku za kusubiri. Mwaka 1985 huko Tarime, baada ya ukame, watu walipatwa na ugonjwa uitwao konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Wengi wao huwa ni watoto na kina mama. Mwalimu alipolifundisha hilo, darasa la watoto wa bada lilikuwa kimya.

Baadaye mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, alipata njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki kwenye unga. Unaweka unga wa muhogo kwenye bakuli na kutia alama ulipofika. Unaongeza maji huku ukikoroga. Unga unashuka kwanza, kisha unapanda mpaka kwenye ile alama. Unautandaza mwembamba juu ya mkeka au ungo, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi inaondoka hewani. Kisha unapika bada siku hiyohiyo. Mwalimu alipoipata njia hii alikwenda kumwonyesha mama yake mzazi, aliyekuwa mzee sana. Mama akamwambia, "Yaani umesoma miaka yote hiyo, ukarudi kunifundisha kulowesha unga?" Akamjibu, "Ndiyo, mama. Lakini saa tano tu." Mama akakubali, kwa sababu saa tano si siku tatu.

Sasa niwaambie jambo moja linaloniudhi, na Mwalimu pia lilimuudhi. Watu walilidharau somo lake. Walimu wenzake walisema ni somo la kupika maandazi ya wageni wa shule, na ni kweli kwamba kila mkaguzi alipokuja, Mwalimu ndiye aliyetumwa kukaanga. Wazazi walisema binti yao hakwenda shule kujifunza alichoweza kufundishwa na shangazi. Yeye alikuwa akiwasimulia habari za Ellen Swallow Richards, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1842, mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, akamaliza mwaka 1873. Alikuwa mkemia. Alipima maelfu ya sampuli za maji ya mito na visima vya jimbo lake kujua yapi ni salama kunywa. Na ni huyohuyo aliyeongoza mikutano ya Lake Placid, hukohuko Marekani, iliyoanza mwaka 1899, ambako somo hili lilipewa sura yake ya kisasa. Kwa maneno mengine, lilianzishwa na mtu wa maabara. Wakoloni na wamisionari walipolileta huku, waliacha maabara wakabakiza aproni.

Na walibakiza kosa la pili: wavulana kuwekwa nje. Tembeeni mji wowote wa Tanzania mkatazame. Mafundi cherehani walioketi barazani mwa maduka, wengi ni wanaume. Anayechoma mishikaki na kukaanga chipsi usiku mara nyingi ni mwanamume. Wapishi wakubwa wa hoteli, wengi ni wanaume. Wote wanaishi kwa kazi ambazo shuleni ziliitwa za wasichana. Mwalimu alikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa akitoroka shamba la shule na kusimama dirishani kuangalia wasichana wakikata kitambaa. Alimfukuza mara ya kwanza. Mara ya pili akampa mkasi. Mwalimu mkuu aliuliza kulikoni, naye akajibu kwamba mvulana yule anatengeneza cherehani, na kweli alikuwa ameshautengeneza ule mkanda. Leo ni fundi mwenye mashine tatu. Sare nyingi za shule za Muheza zinatoka mikononi mwake, na kila akikata gauni la darasa la kwanza huacha pindo refu chini, kama alivyofundishwa, ili mtoto akikua mama afumue badala ya kununua.

Miaka ikaenda. Sayansi kimu ikabadilika, ikamezwa na somo la Stadi za Kazi katika shule za msingi, vipindi vikapungua, na chumba chake cha majiko mawili kikageuzwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Hakupigana sana. Alihamisha sufuria zilizokuwa zake, akaacha za serikali, akaandikiana na mtunza stoo karatasi ya kila kijiko.

Mwaka 2016, ukiwa umebaki muda mfupi tu wa kazi, watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ni sumu ya kuvu inayoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kupika hakuiondoi. Wakati huo hakuwa na kipindi, lakini alisimama mbele ya shule nzima mstarini asubuhi, na gunzi mkononi, akaeleza: anika juu ya turubai si juu ya udongo, chambua zenye kuvu na zilizovunjika, usimpe kuku ulichokiogopa wewe. Watoto walikwenda nyumbani wakawasumbua wazazi kwa maswali. Huko ndiko kufundisha.

Akastaafu mwaka uliofuata, akiwa na miaka sitini, umri ambao sheria inamtaka mtumishi wa umma apumzike. Hapa watoto wengi hawajui kinachotokea, basi niwaeleze. Mstaafu hupewa kiinua mgongo, fedha ya mkupuo, na baada ya hapo pensheni ndogo kila mwezi. Fedha ya mkupuo ina harufu, na inasafiri mbali. Wiki haijaisha, wakatokea wapwa ambao hakuwaona tangu misiba ya zamani. Akaja kijana mwenye tai, na kabrasha, akisema ukiweka milioni moja unachukua mbili baada ya miezi mitatu.

"Kwa nini?" akauliza Mwalimu.

"Kwa sababu ni mradi wa kisasa, mama."

"Sikukuuliza wa lini. Nimeuliza hiyo milioni ya pili inatoka wapi. Mnauza nini?"

Kijana alizungumza sana, lakini hakutaja hata kitu kimoja kinachouzwa. Milioni ya pili ilikuwa itoke kwa mstaafu atakayefuata. Mwalimu alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani.

Yeye alichukua daftari, akapiga mstari katikati, kama alivyowafundisha wanafunzi bajeti: huku kinachoingia, huku kinachotoka. Akaezeka upya nyumba, akachimba kisima, akaweka akiba ya ugonjwa. Kilichobaki kikaingia kwenye kikoba cha kina mama wa mtaa, na kwa kuwa alikuwa mkali wa hesabu, wakampa kalamu. Siku za mkutano huweka saa mezani. Ukichelewa, faini. Hata yeye aliwahi kuchelewa na akalipa, na walifurahi siku ile kuliko siku ya mgao.

Msidhani maisha yake ni ya sherehe. Magoti yanauma. Mjane wa miaka mingi, watoto wake wako Dar es Salaam na Mwanza, wanapiga simu Jumapili. Kuna siku za uhakiki wa wastaafu ambapo inabidi apange foleni kuthibitisha kwamba yungali hai, na hilo linamchekesha na kumkera kwa pamoja. Nyumba huwa kimya jioni. Ndiyo maana hakatai mtu anayebisha hodi akiwa na swali, hata la kipuuzi. Anaulizwa kwa nini maandazi yananywa mafuta (mafuta hayajapata moto). Kwa nini mchicha wangu unalainika mno na kupoteza utamu (umetia magadi, na magadi yanaua vitamini pia, na umeukata kabla ya kuuosha). Kwa nini binti yangu ana upungufu wa damu ilhali anakula mboga za majani. Hilo alilijibu kwa swali: "Anakunywa chai na chakula?" Chai inafungia madini ya chuma yasiingie mwilini. Akamwambia aisogeze chai mbali na mlo, na badala yake aweke ndimu au chungwa, maana vitamini C inayafungulia mlango madini yaleyale. Kisha, kama kawaida yake: "Na hospitali mwende, apimwe."

Usiku wa baridi huzunguka kwa majirani wenye wapangaji wageni kuwakumbusha wasilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, mtu anasinzia na haamki. Wengine wanamwona bibi msumbufu. Yeye anasema heri kuitwa msumbufu.

Lakini kazi inayompa furaha zaidi siku hizi ni ya machungwa. Msimu ukikolea Muheza, machungwa yanakuwa mengi kuliko midomo. Bei inaanguka, mengine yanaozea chini ya miti. Vijana saba wa mtaani, wavulana na wasichana, walimwendea wakitaka biashara. Akawaambia: jamu ya machungwa. Wakamenya, wakakamua, wakapika na sukari usiku kucha, na asubuhi wakawa na ndoo ya kitu chembamba kama sharubati.

Alikuja, akachovya kijiko, akakigeuza. Jamu ikadondoka matone matone.

"Kwa nini haikuganda?"

Kimya.

"Kokwa mmezipeleka wapi? Na maganda?"

"Tumetupa, Mwalimu."

Basi akawaeleza. Kinachogandisha jamu kinaitwa pektini, na kwenye chungwa kimejificha kwenye kokwa na kwenye ile nyama nyeupe chini ya ganda, yaani kwenye vile vitu ambavyo kila mtu hutupa. Unafunga kokwa kwenye kitambaa safi, unazichemsha pamoja na maganda yaliyokatwa membamba mpaka yalainike, unakamua kitambaa humo, ndipo unatia sukari. Ndimu kidogo inasaidia pektini ishikane. Unachemsha kwa nguvu mpaka sukari na maji vifike joto la nyuzi 104 au 105, juu kidogo ya maji yanayochemka. Huna kipimajoto? Weka sahani mahali pa baridi, dondosha tone, lisukume kwa kidole. Likikunjamana, iko tayari. Chupa zichemshwe kabla, na jamu imiminwe ikiwa ya moto.

Vijana waliingia jalalani kutafuta kokwa. Mwalimu akawazuia: za jalalani hapana, menyeni mengine. Mara ya pili ikaganda, rangi ya machweo, chungu kidogo kwa ganda, tamu kwa sukari. Wakaanza kushangilia na kupanga: maduka ya Tanga, mabasi ya Segera, kwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuuliza habari za vifungashio na nembo ya ubora. Mmoja akatoa simu, akajumlisha sukari, machungwa, chupa na lebo, akagawanya, akatangaza bei ya kila chupa kwa sauti ya mtu aliyekwisha tajirika.

Mwalimu akavaa miwani, akaivuta ile simu karibu, akasoma hesabu kutoka juu mpaka chini.

"Mkaa mmeuhesabu?"

Hawakuuhesabu.

"Na usiku mzima wa watu saba, ule ni bure?"

Yule mwenye simu akafuta jibu, akaanza kujumlisha upya.